Namba ya Babu Isiyogawanyika

Kwetu Lubumbashi, kijana akienda kujitambulisha ukweni, hasemi. Anayesema ni mjomba wake. Kijana hukaa wima, akatazama magoti yake na kuomba Mungu ile kreti ya vinywaji waliyoleta ifunguliwe. Wakiifungua, amekubaliwa. Wasipoifungua, anarudi nayo nyumbani, na mtaa mzima unaiona.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kunyamaza wiki mbili.

Ukutani mbele yangu palikuwa na picha ya marehemu babu wa mchumba wangu, amevaa kofia ya reli. Chini yake iliandikwa namba yake ya kazi: 137137. Mjane wake, Nkambo, aliniona nikiitazama.

“Bwana yangu,” aliniita, maana kwetu bibi humtania mchumba wa mjukuu kama mume wake mwenyewe, “unaangalia mukubwa wako? Ile namba haigawanyike! Alijaribuka na mbili, na tatu, na tano, na tisa. Hapana! Alisemaka, namba yangu haigawanyike, na nyumba yangu vilevile.”

Wote wakaitikia kama kanisani.

Mimi nina shahada ya hesabu na sina kazi, kwa hiyo kichwa changu hutafuna chochote. Mbona hakutaja saba? Nilijikataza. Nikatazama dari. Lakini tarakimu tatu zikirudiwa mara mbili ni sawa na kuzizidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Furaha ilinipanda puani kama chafya.

“Inagawanyika kwa saba!” alisema mtu. Alikuwa mimi. “Na kumi na moja! Na kumi na tatu! Inabaki mia moja thelathini na saba, na hiyo ndiyo haigawanyiki kabisa!”

Mjomba alifumba macho. Baba mkwe akaisukuma kreti kwa mguu kuelekea mlangoni.

Nilijiona tayari barabarani nimeibeba.

“Saba?” Nkambo aliuliza. “Kweli?”

“Kweli, Nkambo. Haibaki hata moja.”

Bega lake likaanza kutikisika, kisha la pili, kisha kitambaa cha kichwa kikamwanguka kwa kicheko.

“Nilizala naye batoto saba! Muntu mwenye hagawanyike, angelisha batoto saba namna gani? Alijigawanyaka kila siku: reli, shamba ya Lukafu, kanisa. Tu sahani yake ya bukari ndiyo alikatalaka kugawanya!”

Hapo hata baba mkwe, wa tano kati ya hao saba, alishindwa kujizuia.

“Mama, na ile kumi na moja ni ya nani? Baba alikuwa na batoto bengine inje?”

“Nyamaza, mupumbafu! Fungula kinywaji, kabla bwana yangu aongeze namba ingine!”

Chupa ya kwanza ilipiga kelele kama fataki. Sebuleni tulikuwa watu kumi na mmoja, na chupa zilikuwa ishirini na nne.

Nilifunga mdomo.