Sikio la Kushoto la Ildefons

Watu wa Muleba walimsifu Ildefons kwa jambo moja: akishika usukani hapigi soga. Abiria aongee kutoka Muleba mpaka Bukoba mjini, yeye ni macho barabarani na mdomo kimya. Marehemu tajiri wake, mwenye lori, alimtoa kuwa mfano kwa madereva wengine. Tajiri alipofariki, lori likawa la bintiye Annastella, na ile sifa ikarithiwa pamoja na lori.

Hakuna aliyejua kwamba sikio la kushoto la Ildefons, lile linaloelekea kiti cha abiria, lilikuwa limekufa mwaka wa nne sasa. Alilificha vizuri. Kanisani alikaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa kushoto, ili watu wote wawe kulia kwake. Mezani vilevile.

Msimu wa kahawa ulipoanza, lori likaanza kulia. Mlio wenyewe ulikuwa kama mtu anasaga mahindi chumba cha pili, na ulikuja lori likiwa na mzigo tu, likishachanganya mwendo. Mafundi wawili wa Muleba walilijaribu likiwa tupu, wasisikie kitu. Mmoja akamwambia Annastella kwa upole kwamba mzee amechoka. Basi Annastella akaamua: waende Bakoba, kata ya Bukoba mjini, kwa fundi Kyaruzi, na huyo naye asipoona kitu, funguo apewe Avit, mpwa wa Annastella. Avit alikuwa na leseni mpya na hamu kubwa. Kesho yake ndiye angepeleka magunia ya kahawa Bukoba.

Asubuhi hiyo gerejini Ildefons hakutulia. Alipewa kigoda, akakaa, akainuka. Akalizunguka lori, akarudi kwenye kigoda, akainuka tena.

Kyaruzi alimuuliza mlio unatoka wapi. Akajibu bila kusita kwamba ni mbele kulia. Fundi akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, likazunguka kimya. Akafungua hata beringi zenyewe: grisi safi, vyuma vinang'aa. Akavirudisha, akajifuta mikono, akamtazama mwenye lori.

"Tata," Annastella akasema taratibu, akimwita baba kwa Kihaya kama alivyozoea, "labda ni uchovu kweli." Funguo zilikuwa mkononi mwake tayari.

Kyaruzi hakuwa amemaliza. Akataka kujua mlio unazidi kwenye kona zipi. Ildefons akasema kona za kulia. Za kushoto unafifia.

Fundi akasita. "Mzee, ukikata kulia uzito unalalia tairi la kushoto. La kulia lingelia zaidi ukikata kushoto. Una hakika unasikia upande huo?"

Hapo Ildefons akaelewa, na mikono ikaanza kutafuta pa kukaa. Kwa miaka minne kila sauti duniani ilimjia kutoka kulia: kengele, ng'ombe, mkewe akimwita. Akinyamaza, ataondoka na heshima yake, mzee aliyechoka tu, na kesho Avit atateremka mlima wa Muhutwe juu ya tairi bovu. Akisema, yeye ni dereva wa sikio moja.

Akaenda mpaka tairi la kushoto, akarudi, akaenda tena.

"Mwanangu," akamwambia Annastella, "sikio langu la kushoto halisikii. Kwangu kila kitu kinalia kulia. Fungueni huku."

Annastella akauliza tangu lini. Ildefons akageuza kichwa kumpa sikio zima, na kwa mara ya kwanza binti akaiona ile namna yake ya kugeuka. Akajibiwa: mwaka wa nne.

"Kumbe," Kyaruzi akasema akihamisha jeki. "Mwaka juzi ulinipa lifti nikakusimulia posa yangu yote mpaka Kemondo. Nikadhani unaringa."

"Ulioa?"

"Nilikataliwa, mzee. Nilitaka ushauri."

Annastella akacheka bila kupenda.

Kyaruzi akaweka kiganja kwenye springi ya kushoto na kulizungusha tairi kwa mkono wa pili. Akamwita Ildefons aguse. Chuma kilikuwa kinakwaruza chini ya vidole kama mchanga. Walipofungua, grisi ilitoka nyeusi yenye chembe zinazometa, na beringi ya ndani imeliwa vishimovishimo. Fundi akagonga bakuli la zamani, ile pete ya nje inayoshika beringi, likatoka, akasafisha, akaingiza jipya, akaishindilia beringi mpya grisi kwa kiganja. Akakaza nati huku tairi likizunguka, akailegeza kidogo, akatia pini mpya.

Annastella alikuwa bado na funguo. "Mzigo wa kesho ni wako," akasema mwishowe. "Keshokutwa tunakwenda hospitali wakupime. Wakikataa, funguo utanipa kwa mkono wako mwenyewe, tata. Sitakunyang'anya."

Ildefons akashukuru kwa Kihaya, "Wakola, waitu," akazipokea.

Safari hii Annastella alipanda kiti cha abiria. Walipita Kyetema wakirudi Muleba na mzigo wa mbolea waliopakia mjini, lori kimya. Kimya kile hakikumtuliza Ildefons. Je, beringi ndiyo iliyonyamaza, au na sikio la kulia limeanza kufa? Akagonga usukani kwa ukucha, akasikia. Baada ya kitambo akagonga tena.

Kemondo akasimama, akashuka, akaweka kiganja katikati ya gurudumu la kushoto. Halikuwa na joto. Akapanda. Annastella akasema kitu, kisha akakumbuka, akamgusa bega na kutikisa kichwa: hakuna mlio.

Kabla ya mlima wa Muhutwe akasimama tena, akashuka kuligusa gurudumu.