Siku Mama Alipoandika Wosia

Nilianza kuogopa siku mama aliponiuliza kama baba ameshakunywa chai. Baba tulikuwa tumemzika miaka sita nyuma, hapo hapo kihambani, shamba letu la nyumbani Machame, kati ya migomba na kahawa.

Wiki hiyo hiyo nikamkuta baba mdogo jikoni, ana karatasi na kidau cha wino.

"Ni mambo ya ukoo tu, mwanangu," aliniambia. "Mama yako aweke dole gumba."

Mama anajua kusoma na kuandika. Biblia yake ameipigia mistari karibu kila ukurasa. Dole gumba la nini? Nikaomba ile karatasi niisome. Akaikunja, akaaga. Shamba lilikuwa kwa jina la mama, lakini hapakuwa na maandishi yoyote ya nani arithi.

Jumatatu nikampeleka mama Moshi mjini kwa wakili, mwanamke wa makamo. Akamwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia.

"Dada, wewe utasubiri nje. Mrithi hakai ndani wosia unapoandikwa. Na lazima niridhike kwamba mama ana akili timamu. Nisiporidhika, siandiki."

Nikakaa kwenye benchi koridoni. Asubuhi ile mama alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya lingine. Sauti zao nilizisikia, maneno sikuyapata. Nikaomba Mungu, halafu nikaona aibu, maana sikujua kama namwombea mama au naliombea shamba.

Mlango ukafunguliwa. Wakili alikuwa amekunja uso.

"Uliniambia mpo wanne. Mama anasema watoto wake ni watano, na habadilishi."

Nikaona yameisha. Kisha nikakumbuka.

"Yupo mmoja alifariki kabla hajabatizwa," nikasema. "Amezikwa kihambani, penye masale, ile mimea ya mpakani. Huwa hatumtaji."

"Ndivyo alivyoniambia. Nilitaka kuhakikisha. Ameagiza pale pasilimwe wala pasiuzwe."

Wakaitwa mashahidi wawili, si ndugu zetu. Mama akasaini jina lake lote, taratibu, bila kukosea herufi. Shamba alituachia sote wanne, lisiuzwe bila wote kukubali.

Tulipokuwa garini kurudi, alinitazama muda mrefu.

"Samahani, mama," akaniambia, kwa adabu ya mtu anayeongea na mgeni, "wewe unashukia wapi?"

Nikamwambia nashukia kwake.

Baba mdogo alirudi baada ya wiki mbili, na karatasi yake. Nilipomweleza habari ya wosia aliikunja tena akaondoka, na kanisani hatusalimiani tena. Wosia uko kwa wakili, nakala ninayo mimi. Bado geti likigongwa huwa nachungulia kwanza dirishani.