Dada Odette Alipoachia Antena

Televisheni yetu ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua, na kwangu harufu hiyo ndiyo Likasi, mji wetu, kuliko hata chokaa ya machimbo ya Kakontwe. Tulikaa Panda, katika kambi ya wafanyakazi, miaka ile ambayo mishahara ya mgodini ilikuwa imekatika na baba alikwenda kazini kwa mazoea tu. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja ukipenda. Antena baba aliitengeneza mwenyewe: ringi ya baiskeli, vifuniko viwili vya sufuria na waya wa shaba, vyote juu ya bomba la chuma lililosimama nje ya dirisha. Ilinasa stesheni moja ya Lubumbashi, tena kwa sharti kwamba mtu ashike bomba. Na si mtu yeyote. Mimi nikishika, kioo kilijaa chengachenga. Dada yangu Odette akishika, watu walipata nyuso.

Mwaka huo Odette alikuwa amefanya mtihani wa serikali, ule unaotoa diploma. Baba alikwisha kusema mwaka mwingine wa shule hauwezekani: apite sasa, ama akauze sokoni pamoja na mama. Majina ya waliofaulu yalisomwa kwenye televisheni alasiri moja, shule baada ya shule, na majirani walijaa sebuleni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya kwetu hayakuwa na kitu tangu jana yake. Nilisimama dirishani kumpelekea dada habari kule nje.

"Wamefika wapi?"

"Bado shule za Kipushi. Weye shika tu!"

"Mukono inakufa, miye nimechoka!"

"Ikufe na diplome ndani!" akacheka Mama Feza, jirani yetu Mwislamu aliyetoka Maniema.

Kisha msomaji akaitaja shule yake. Nikapiga kelele, na Odette akaliachia bomba, akakimbilia ndani. Picha ikafa pamoja na sauti. Aliporudi kulishika, walikuwa wameshahamia shule nyingine, na hatukujua kama ametajwa.

Kwetu anayefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, kisha huzungushwa mtaani kwa nyimbo. Mama alikuwa ameficha kopo la poda chini ya kitanda. Baba akalifuata.

"Baba Odette, tungojee karatasi," mama akamsihi.

"Kungojea ni mashaka. Siye tunapokea kwa imani." Akammwagia kopo zima.

Tukamzungusha Panda yote. Kwa siku tisa wazee walimwita madamu, naye alianza kutembea polepole, kama mtu aliyebeba maji. Karatasi ilipobandikwa shuleni, jina lake halikuwemo. Kesho yake alikaa sokoni nyuma ya lundo la mihogo, na waliomwimbia walinunua bila kumtazama usoni.

Tangu hapo nimehamahama: Kolwezi, Kasumbalesa, Ndola, na sasa Lubumbashi, bila kujua hasa ninatafuta nini. Juzi binti yangu alipokea matokeo yake kwenye simu, amelala kitandani. Mstari mmoja tu. Amefaulu. Akanionyesha, kisha akaendelea na picha zake. Siku hizi kukosea hakuwezekani, na mtaa hauna habari. Nikampigia Odette, nikamwuliza kama alikwisha kumsamehe baba.

"Aliniumiza sana," akasema. "Lakini tangu siku ile, hakuna mutu mwingine aliniamini vile."