Kila Mtu Alitaka Picha na Mama

Juzi, hapa mtaani Free Area, jirani alinionyesha picha za mji wa Tashkent kwenye simu, nikamkumbuka Mama. Alienda kule kukimbia marathoni nikiwa mtoto, akanichukua twende pamoja. Kesho yake baada ya mbio tulizunguka mji, yeye akichechemea. Ndani ya stesheni ya treni ya enzi ya Wasovieti zilining'inia taa za kioo, nikadhani ni kanisa. Nje kulinukia nyama ya kondoo. Kila mahali watu walitaka picha naye.

"Mama, kumbe ulishinda!"

"Nishinde wapi? Si niliacha mbio njiani!" alifoka. "Hawa hawajui hata nilikimbia."

"Sasa wanataka nini?"

"Hawajazoea kuona mtu mweusi. Simama vizuri."

Simu nyingine ilipoinuliwa, niliifunika kwa kiganja.

"Amechoka!" nilipiga kelele kwa Kiswahili.

Walielewa. Mama akaketi pale pale kwenye ngazi, akavua viatu.