Taa Ndogo Iliyokuwa Inawaka

Kavira aliitwa mchawi kwa sababu alisema chuma kitavunjika, na kikavunjika. Aliyemwita hivyo ni Kabongo, shofere, na ndiye aliyekivunja.

Ilikuwa miaka ya uasi, waasi wameshika bureau zote za serikali mjini Butembo. Kabongo, mtu wa kutoka Kasaï, aliendesha jeep yao, na siku za soko alipakia abiria. Siku moja Kavira alipandia kijijini Alimbongo na magunia yake ya maharagwe, kwenda Butembo, akakaa nyuma ya mgongo wa shofere. Kasonia, muuza chumvi aliyesali naye kanisa moja, alikaa mbele.

Penye matope jeep ilikwama. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure. La pili, lililokuwa juu ya jiwe, halikusogea. Kavira hakukanyaga shule, lakini marehemu mume wake alikuwa fundi, na kwa miaka kumi na nne yeye ndiye aliyemshikia funguo za kufungulia nati chini ya magari. Alijua kwamba pon, ule mhimili wa nyuma, hupeleka nguvu kwenye gurudumu lisilo na kazi. Akamwambia Kabongo aweke blokaje, ili magurudumu mawili yafungwe pamoja na yazunguke sawa. Kabongo akavuta kifimbo cha blokaje, taa yake ndogo ya njano ikawaka mbele ya usukani, jeep ikatoka. Abiria wakamshukuru Kabongo.

Mbele barabara ilikuwa kavu, ngumu, yenye kona.

"Sasa toa blokaje," Kavira akasema. "Kwa kona, gurudumu ya inje inatembea njia murefu kupita ya ndani. Ni kama bamama babili benye kubeba muti moja. Ukibafunga miguu, moja atavunjika."

"Mama, hata jina yako haujue kuandika," Kabongo akajibu.

Abiria wakacheka. Kasonia naye alicheka, kidogo.

"Haya. Itavunjika."

Kona ya kwanza usukani ukawa mzito. Ya pili matairi yakalia. Ya tatu kitu kikakatika chini yao. Kabongo akarudisha kifimbo, taa ikazimika, ndipo akashuka na kuwaeleza watu kwa utulivu: nani anajua chuma kitavunjika, kama si yule anayekivunja? Watu waliona amesema jambo la akili. Kasonia, aliyeuona ule mkono na ile taa, aliangalia viatu vyake.

Tangu hapo hakuna shofere anayempakia Kavira. Maharagwe anayabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, siku tatu mpaka Butembo. Jeep ilitengenezwa juma lile lile.

Kabongo sasa anaendesha lori Beni. Anadaiwa maneno machache tu, mbele ya watu: kwamba taa ilikuwa inawaka. Kasonia anadaiwa maneno hayo hayo, na yeye hana safari ya kufanya ili ayaseme. Kila Jumapili kanisani anakaa benchi la pili, mbele ya Kavira, na hageuki.