Eropleni ya Kubebea Chipsi

Ilitangazwa rasmi Matiliku, kwa kipaza sauti na chini ya mahema mawili, kwamba kuanzia msimu huu hakuna mama atakayepoteza sauti yake shambani akifukuza ndege wa kwelea. Kazi hiyo itafanywa na eropleni ndogo za rimoti, imara na za kudumu. Akina mama walipiga makofi. Walikuwa wametoka kufukuza kwelea.

Musyimi hakupiga makofi, maana eropleni zenyewe alikuwa nazo yeye. Kwa miaka kumi na tisa aliziba bampa za malori kule Makindu, kwa vitambaa vya faiba, zile nyuzi za kioo zinazowasha ngozi, na ile dawa yake ya kunuka, mpaka kifua kikamwambia arudi nyumbani. Nyumbani akakuta mtama wa mkewe Kalunde unaliwa, akatengeneza kitu cha kuruka. Sasa vilikuwa viwili, vinaning'inia stoo. Kimoja alikichonga kutoka boksi jeupe la foamu lililoleta chanjo za kuku. Cha pili kilikuwa cha faiba, cha manjano, kinang'aa kama bampa mpya. Mota ilikuwa moja. Na mtama ulikuwa umebakisha wiki tatu uvunwe.

Kwa anayelijua shamba, hapakuwa na cha kuchagua. Shamba la Kalunde limekatwa matuta ya fanya juu, kama ngazi, kutoka barabarani hadi mtoni. Hakuna mahali pa kutua panapozidi hatua ishirini kabla ya ukingo. Foamu ni nyepesi, huenda polepole, na ikianguka huangukia mtama kama mtoto aliyechoka. Ilikuwa imeanguka mara kumi na nne, ikapakwa gundi mara kumi na nne. Faiba ni nzito. Ukiipunguzia mwendo inashuka, na ikishuka haina msamaha.

Gedion, afisa wa mradi, alikuja Jumatano kukagua kabla ya wageni wa Alhamisi, waliokuja kuona eropleni ikiruka. Akaibonyeza foamu kwa kidole gumba. Alama ikabaki.

"Fundi," akasema, "hii si ni ile ya kubebea chipsi?"

Musyimi akaeleza habari ya uzito, matuta, zile hatua ishirini. Alishaeleza kwa chifu, kwa kamati, na kwa kamati ndogo ya kamati hiyo. Gedion alisikiliza kwa adabu, kisha akasema karatasi ya mradi imeandika kudumu, na ya chipsi haijawahi kudumu.

Jioni Musyimi alikaa na mota mkononi. Kalunde, ametoka kwenye ulingo wa kufukuzia kwelea, akamwangalia huku akinywa uji.

"Baba Muli, si hii nyeupe huanguka kila siku?"

"Huanguka. Na kila siku huamka."

"Na ya manjano?"

"Hiyo itaanguka mara moja tu."

Kalunde akauliza mbona basi anafunga mota kwenye hiyo ya manjano. Musyimi akasema amechoka kueleza. Halikuwa jibu, lakini walikuwa wameoana miaka mingi; akalipokea.

Alhamisi mchungaji aliombea kupaa, kwa kirefu. Kutua hakukutajwa na mtu. Eropleni ikapaa vizuri kweli, kwelea wakainuka kama moshi wa kuni mbichi, wageni wakashangilia, Gedion akapiga picha. Kisha betri ikaanza kuisha. Musyimi akaileta chini kwenye tuta refu kuliko yote, akihesabu hatua kimoyomoyo, na kwenye ya ishirini na mbili ukingo ukaipokea. Mota ilipatikana imepinda. Nyingine, dukani walisema, ingefika baada ya mwezi.

Kwelea walirudi kabla wageni hawajamaliza chai. Kalunde akachukua debe lake, akapanda ulingoni kupiga kelele.

Ripoti ilisema faiba imethibitika kuwa ya kudumu, na hapo haikudanganya: vipande havikuoza, na kila apitaye kwenye lile tuta hujikuna miguu.

Jumapili kwaya iliimba bila sauti ya pili. Kalunde alikuwepo, amesimama mahali pake.