Kadi ya Mama Muhonja

Siku yangu ya kwanza kazini Kakamega, afisa wa pensheni alininyang'anya kalamu. "Karani, mtazame mtu kwanza," alisema. "Ukiona yuko hai, ndipo uandike."

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Tulikuwa makarani wanne na daftari la uhai, kitabu cha kuwatia alama wazee waliofika dirishani. Asiyeweza kutembea, mmoja wetu alipanda baiskeli hata Iguhu, akamwona kitandani.

Kisha afisa mpya akaja na habari za mtambo uliowekwa Nairobi. Kila mzee angepewa kadi ngumu yenye matundu. Kila mwezi tungeikusanya, mtambo uyasome matundu, kadi irudi na orodha ya malipo. Wenzangu watatu waliachishwa kazi siku moja. Mimi nikabaki kugawa kadi.

Mama Muhonja wa Khayega, mjane wa mpishi wa hospitali, nilimwambia, "Mama, itunze kama pesa."

Akaitunza kama pesa. Mwezi uliofuata alifungua pindo la leso, kadi ikatoka imekunjwa mara nne, matundu yamepondeka, ina joto la mwili wake. Niliinyoosha kwa kiganja, nikaituma. Orodha ikarudi, mbele ya jina lake pameandikwa: amefariki.

"Mwanangu, nimekufa lini?" aliuliza dirishani. "Mbona hamkunialika matanga?"

Nilishindwa kucheka. Pensheni ile ndiyo iliyomnunulia dawa ya kifua. Nilimkimbilia afisa.

"Bwana, mama mwenyewe amesimama pale nje!"

Hakuinuka. "Orodha inasemaje?"

"Njoo umwone, ni hatua kumi tu."

"Mtambo haukosei, karani. Wewe andika barua."

Niliandika barua miezi mitano. Kila mwezi alikuja akikohoa, akarudi mikono mitupu. Jibu la kukiri kwamba yu hai lilipofika, nililipeleka Khayega kwa baiskeli. Udongo wa kaburi lake ulikuwa haujaota nyasi. Nilisimama na ile barua, nisijue nimsomee nani.

Sasa nami ni mstaafu. Kadi yangu ilipokuja, niliishika kwa ncha za vidole.

"Baba Khayesi," mke wangu alicheka, "hiyo ni kadi ama yai?"

Niliipeleka mwenyewe. Karani kijana alinyoosha mkono, macho yake mezani. Akaivuta kadi, sikuiachia.

"Mzee, achilia basi."

"Nitazame kwanza, mwanangu."